Kahawa ya Zaragoza, Kahawa ya Kashikishi

Zaragoza, tarehe 4 mwezi wa tatu 1999

Yaya Jeanine, dada yangu mukubwa,

Nakusalimu wewe na shemeji Roger. Tulifika. Padri Anselmo alilia ndani ya ndege, akalala, akaamka akalia tena. Miaka thelathini na moja kwetu Congo, Kilwa ya ziwa Mweru, na sasa wamemurudisha kwao juu miguu yake imekufa na figo zinafuata. Nilifikiri kazi yangu ya kumusindikiza itaisha kwenye mulango wa nyumba ya mapadri wazee. Hapana. Siku ya pili asubuhi aliniita: "Hervé, leta kiti cha magurudumu. Nataka kahawa."

Nikamwambia kahawa iko jikoni.

"Ile ni maji ya kuoshea sufuria," akasema. "Miaka yote ile kwenu nilikunywa unga wa shikori, muzizi wa kukaanga, kwa utii. Sitaki kufa na ladha ile mudomoni. Kuko mahali mu muji huu wanapika kahawa ya kweli, na wewe utanisukuma mpaka tupaone."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu, yaya. Karani wa parokia ya Kilwa anasukuma muzee katika barabara za Uispania akitafuta kikombe. Kuko upepo hapa wanauita cierzo, unashuka na muto Ebro na unakata masikio kama kisu cha samaki. Tumeingia sehemu kumi na moja. Wengi wanakaanga kahawa pamoja na sukari mpaka inang'aa nyeusi kama lami. Padri anaonja, anatikisa kichwa, anasema: "Twende." Juzi alitema ndani ya kisahani mbele ya mwenye bar. Padri mwenye alitubatiza!

Uliniomba niangalie vile wanafanya, juu ya meza yako ya kahawa unataka kufungua Kashikishi, ngambo ya Zambia. Haya: wanapasha vikombe moto kwanza. Wanasaga ile tu imeombwa, hawasagi ya kesho. Maziwa wanatia kidogo sana, yakiwa moto. Watu wanakunywa wakisimama, wanatupa karatasi chini, na hakuna mwenye anagombana.

Kwenye kona yetu kuko vijana wamenyoa vichwa. Wanatema mate kwenye magurudumu nikipita na wanasema neno moja sitaliandika. Padri anasema nisijibu. Sijibu.

Radio ya hapa haisemi kitu juu ya vita yetu. Kilwa iko namna gani? Askari wenye walikimbia mapigano, bado wanakamata mabwato? Mwambie Roger asivuke ziwa na moteri, avuke na kafi tu, moteri inaita wezi. Na kwa nini Roger haandiki?

Mudogo wako,
Hervé


Kashikishi, 27 mwezi wa tatu 1999

Hervé wangu,

Barua ilifika kwa masista wa Nchelenge, wakanitumia mutu. Roger iko ngambo, Kilwa, na chumvi. Anakusalimu. Hawezi kuandika, mukono unamuuma.

Meza nilishatoa nje. Iko pale bandarini, penye wanashusha chisense, wale samaki wadogo kama dagaa, mabati mane juu na bench tatu. Goodson, bwana ya jirani yangu Dorica, alisimamisha miti. Kahawa ni ya Kasama, hapa hapa Zambia, ninaikaanga mwenyewe kwa kikaango. Vikombe ninapasha moto vile ulisema. Wavuvi wanashika kikombe wanashtuka, wanafikiri nimewachoma kusudi.

Wateja ni wengi juu watu ni wengi. Kila siku wanavuka kutoka Congo na mikeka na mbuzi. Jumanne bwato moja ilifika na watu saba, watatu wamekufa wakiwa wamekaa, wameegemea wenzao, juu hakukuwa nafasi ya kuanguka. Mama mumoja alikuwa anaongea bado na mutoto wake na mutoto alikuwa na shimo hapa shingoni. Jana wavuvi wawili waligombania wavu mbele ya meza yangu. Mumoja akapasua kichwa ya mwenzake na kafi, damu ikarukia ndani ya sukari. Nilimwaga sukari yote. Wengine waliendelea kunywa.

Mimi niko muzima. Mbavu zinauma kidogo, niliteleza ndani ya bwato.

Sasa nijibu hii kwanza, mbele ya mambo ya vikombe. Huko, kama mutu mwenye hautaki anaingia, wanamunyima kahawa? Ao wanamupa tu sawa wengine?

Yaya yako,
Jeanine


Kashikishi, 8 April 1999

Ba Hervé, mukwai, kwa heshima,

Mi ni Dorica, bibi ya Goodson, jirani wa yaya yenu. Kiswahili yangu ni ya soko, ya kuuza samaki, sasa musicheke. Adresi nilitoa ku bahasha yenu.

Ba Jeanine walinikataza kuandika. Walinishikisha Biblia. Lakini kila asubuhi ninawaona wanapika kahawa na macho haipepesi, na mi ninaogopa.

Ba Roger walikufa. Ni tarehe 11 ya March, muchana, jua kali. Walitoka Kilwa na bwato yao, ba Roger na yaya yenu, na magunia ya chumvi. Katikati ya ziwa ikakuja bwato ingine, wanaume watatu, suruali ya kiaskari, shati ya kawaida, vitambaa usoni. Wakasema: toa moteri. Ba Roger wakasema: chukueni moteri, muache bibi. Lakini ba Roger walikuwa wameshika bidon ya mafuta, na hawakuiachia mbio. Ni hiyo tu. Mumoja wa wale watatu akawapiga na kafi ku sikio. Yaya yenu akalia. Wakamulalisha juu ya chumvi, uso chini, wakamukanyaga na mabuti mpaka mbavu mbili zikavunjika. Kisha mumoja akavuka juu yake kwenda nyuma ya bwato. Akasema pole pole, akiomba njia kama mutu anapita mu bench ya kanisa: "Excusez, mama." Kisha bunduki ikalia. Mara mbili.

Wakamutupa yaya yenu mu bwato ya wale wanaume, ya zamani, yenye kuingiza maji, bila kafi. Wakaenda na bwato yenu, na moteri, na chumvi, na ba Roger wamelala ndani. Goodson alimukuta jua likishuka, anatoa maji na viganja vyake. Hakujua kama bwana wake alishakufa ao bado. Mpaka leo hajui, lakini mi ninajua walikufa.

Sasa kila maiti yenye ziwa inatupa, anaenda, anaigeuza, anaangalia uso. Ni nane mpaka leo. Zingine hazina uso.

Anasema mukijua, mutaacha muzee Padri na mutakuja na hasira, na nyinyi pia watawaua. Musimwambie kama niliandika. Lakini nyinyi ni ndugu yake, na mi ni jirani tu.

Dorica


Zaragoza, tarehe 3 mwezi wa tano 1999

Yaya,

Usishangae mwandiko wangu. Mulango wa gari ulinibana vidole.

Ulisema nijibu lile kwanza. Hapana, hawamunyimi mutu. Sikiliza namna nilijua.

Tulipaona, yaya. Mahali pa Padri. Ni nyuma ya soko la samaki, bar ndogo isiyo na jina mulangoni, harufu ya dagaa na ya kahawa pamoja. Mwenye ni mwanamuke anaitwa Felisa, miaka sabini na sita, mikono kama ya mupiga makasia. Anakaanga mwenyewe asubuhi, bila sukari. Padri alionja. Sikusikia "Twende." Nilisikia tu pua yake. Muzee alikuwa analia ndani ya kikombe, na Felisa akamuwekea kingine bila kuulizwa.

Tunaenda kila siku sasa. Wiki iliyopita niliuliza Felisa lile swali lako. Akafuta counter, ile meza ndefu ya bar, akafuta tena pale pale. Kisha akaniambia, na Padri akawa anatafsiri.

Baba yake alikuwa mufanyakazi wa treni. Mwaka wa 36, vita vya kwao vilipoanza, wanaume wane walikuja kumutoa mezani. Mumoja alikuwa jirani wa barabara moja. Alisaidia kumushika mikono. Wakamupeleka, wakamupiga risasi, na familia haikuambiwa ni wapi. Felisa alikuwa na miaka kumi na tatu. Alipokuwa mukubwa akapata bar hii, na yule jirani akaanza kuja. Kila asubuhi, kahawa na tone la pombe. Miaka thelathini na nane alimupa kikombe na mukono wake.

Nikamuuliza: "Kwa nini, mama?"

"Nilitaka aniambie walimuweka wapi," akasema. "Nilifikiri akizoea, siku moja atasema."

"Alisema?"

"Alikufa kitandani mwaka wa 84, amefumba mudomo. Ningemuuliza siku ya kwanza. Angenipiga, ningepigwa. Lakini ningekuwa nimeuliza."

Padri alitafsiri hayo, kisha akaomba kikombe kingine.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Labda juu nayawaza kila saa. Yaya, niambie: ni nani huyo mutu hautaki?

Mudogo wako,
Hervé


Kashikishi, 28 mwezi wa tano 1999

Hervé,

Barua ya kwanza ulitaja Roger mara tatu. Hii hukumutaja hata mara moja. Basi Dorica aliandika. Nilienda kumutukana mbele ya watu, kisha nikalia juu ya magoti yake. Sina hasira tena na yeye.

Nisamehe. Nilikuwa ninataka mutu mumoja duniani mwenye bado anafikiri Roger iko anauza chumvi.

Umeniuliza ni nani. Nitakuambia, na usipige kelele huko.

Tarehe 20 ya mwezi wa tatu, meza ilikuwa na siku ine. Mwanaume akakuja, akataka kupita nyuma ya bench penye nilikuwa nimeinama. Akasema: "Excusez, mama." Sufuria ilinianguka mukononi. Ile sauti, Hervé. Ninaisikia nikioga.

Anaitwa Eddy. Anakaa hapa Kashikishi sasa, anauza vipande vya moteri. Iko na heshima. Anatoa kofia. Hakunijua, juu siku ile nilikuwa nimejifunika kitenge juu ya jua, na aliona mugongo wangu tu. Anakuja kila asubuhi, vikombe viwili. Anasema kahawa yangu ndiyo ya kwanza kando yote ya Mweru. Mbele ya watu anasema hivyo, na watu wanaitika.

Unasema nini, polisi? Niwaambie nilisikia maneno mawili? Mbele hawajamaliza kuandika atakuwa ngambo, na sitajua milele Roger iko wapi.

Nilinunua dawa ya panya. Iko kiunoni, mu kitambaa. Siku kenda imelala na mimi. Mara moja nilitia, nikakoroga, nikatembea nayo kwenda bench yake. Muzee Katongo mwenye kushona nyavu akanyoosha mukono, akifikiri ni ya kwake. Nikaitupa chini, kikombe kikapasuka. Eddy akainama kunisaidia kuokota, akajikata kidole. Nikaona damu yake. Nilitamani kuona ingine.

Kisha barua yako ya huyo Felisa ikafika. Nimeisoma mara ine. Miaka thelathini na nane! Mimi hata miezi mitatu inanishinda.

Jeanine


Zaragoza, tarehe 15 mwezi wa sita 1999

Yaya, yaya,

Usifanye kitu. Ninakuomba kwa jina la mama yetu. Ningojee.

Nilikudanganya juu ya vidole. Siku nilipopata barua ya Dorica nilitoka nje bila koti. Wale vijana walikuwa kwenye kona. Mumoja alisema lile neno lake. Nilimushika nywele, kumbe hana nywele, nikamushika masikio, nikamugonga kichwa kwenye ukuta, na tena, na tena. Sikuwa namuona yeye. Nilikuwa naona bwato. Wenzake walikimbia. Mimi sikuacha mpaka polisi wawili wakanilalia juu. Kijana alipoteza meno na jicho moja halitaona vizuri. Ana miaka kumi na tisa. Padri alikuja na kiti chake mpaka kwa jaji, akanililia. Karatasi zangu zimebaki kwao mpaka kesi iishe. Ndiyo maana sikurudi siku ile ile.

Nakuambia hivi juu nilifikiri nitapumua nikishapiga mutu. Ilidumu muda wa kuvuka barabara.

Padri amekufa tarehe 12. Felisa alileta kahawa ndani ya thermos mpaka kitandani. Hakuweza kumeza, basi alimulowesha midomo na kijiko, na muzee akasema "Ndiyo," kwa Kiswahili. Mapadri wenzake hawakuelewa.

Nilimusomea Felisa barua yako. Alipiga counter na kiganja. Alisema: "Mwambie amuulize muchana, watu wakiwa wengi, na awe na mutu nyuma yake. Asiwe peke yake naye." Mimi nasema hapana, ngojea kwanza. Lakini nimekuandikia maneno yake juu aliniapisha.

Hervé


Kashikishi, 22 mwezi wa sita 1999

Hervé,

Kama umeniandikia, barua yako haijafika. Imekwisha.

Ilikuwa tarehe 17, asubuhi, mabwato yanamaliza kushusha. Dawa ya panya nilikuwa nimeitupa chooni siku mbili kabla, niliogopa muzee Katongo ataikunywa. Nilimwomba Goodson akae nyuma yangu na nyavu zake. Sikumwambia sababu, na hakuuliza.

Eddy akakuja, akatoa kofia, akakaa bench ya mwisho. Nikamupa kahawa safi. Kisha nikakaa mbele yake. Mimi sikaaki na wateja.

"Eddy," nikasema, "bwana yangu mulimuweka wapi?"

Akapuliza kikombe. "Bwana yako ni nani, mama?"

"Tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu. Bwato ya kijani. Mimi nililala juu ya chumvi, ukavuka juu yangu."

Akaweka kikombe chini. Akaniangalia uso mara ya kwanza tangu ajue njia ya meza yangu. Nilifikiri atakimbia. Hakukimbia.

"Ule mwenye alishika bidon," akasema.

"Huyo."

"Pardon, mama. Sikujua ni wewe. Ningejua nisingekunywa hapa."

"Sikuulizi hiyo. Iko wapi?"

Akaangalia ziwa. "Kabuta, kijiji cha kando hii ya ziwa, mbele kidogo. Pale matete yanaingia ndani, kuko muti umeangukia majini. Tulimushusha pale. Tulikuwa na haraka ya kuuza moteri."

"Mulimushusha. Alikuwa amekufa?"

Akazungusha kikombe mezani. "Bado. Alikuwa anaomba maji. Tulimuacha karibu na maji."

Alisema hivyo kama mutu mwenye alitenda wema.

Sufuria ya kahawa ilikuwa inachemuka kando yangu, imejaa. Niliishika na mikono miwili bila kitambaa na nikamumwagia yote usoni. Ngozi ya mikono yangu ilibaki kwenye sufuria, sikusikia kitu. Yeye alilia sauti ya mbuzi. Akasimama kipofu, akatoa kisu, akakata hewa, akakata mukono wa Goodson kutoka kiwiko mpaka hapa. Nikapiga kelele: "Huyu aliua Roger! Huyu aliua Roger wangu!"

Roger walimujua wote. Wakakuja na makafi, na miti ya kukaushia samaki, na mawe ya nanga. Mubanga, mutu mupole mwenye kuimba kanisani, alikuwa wa kwanza. Meza yangu ilivunjwa, wakachukua miguu yake nayo wakapiga. Kichwa ya mutu haipasuki mbio vile tunafikiri. Inakataa, inakataa. Alisema "mama." Sijui kama alikuwa anaita yake ao alikuwa ananiita mimi.

Ningesema "basi," wangeacha. Walikuwa wananiangalia, Hervé, kati ya pigo na pigo walikuwa wananiangalia. Sikusema. Nilisimama na sufuria tupu mpaka akanyamaza.

Polisi walinikalisha siku tatu, wakaandika maneno yangu, wakanirudisha mpaka wataniita. Watu wa bandari wote wanasema hawakuona kitu.

Nilipotoka tulienda Kabuta, mimi, Dorica, na Goodson na mukono wake umeshonwa. Muti ulioanguka uko pale. Roger hakuwa pale. Tulitafuta mpaka Dorica akaona mukanda. Alikuwa amejivuta, ndugu yangu. Alitoka majini, akapita matete yote akijivuta, mpaka karibu na njia yenye watu wa Kabuta wanapita wakati wa kiangazi. Mu mwezi wa tatu ile njia iko na maji, hakuna mwenye anapita. Zilibaki hatua ishirini. Nilizipiga mimi mwenyewe. Ishirini.

Tulimuzika pale Kabuta, kwenye makaburi ya watu, na mwalimu wa kanisa alisoma. Nilibeba mifupa yake mu kitenge changu na haikuwa mizito.

Jeanine


Zaragoza, tarehe 14 mwezi wa saba 1999

Yaya yangu,

Barua yako niliisomea kwenye counter ya Felisa, nikitafsiri kidogo kidogo na Kiispania changu kibaya. Nilipofika mahali kahawa ilimupata Eddy usoni nilipiga ngumi na nikacheka. Nisamehe. Nilicheka kwa furaha, na watu waliokuwa wanakunywa waligeuka kuniangalia. Nilipofika kwenye hatua ishirini nilikaa chini, kwenye karatasi na maganda.

Felisa hakufurahi na hakulaumu. Aliuliza tu: "Alimupata?" Nikasema ndiyo. Akageuka, akafungua bomba la maji, akaosha vikombe vyenye vilikuwa safi. Kisha akatoa watu wote nje na akafunga bar, saa tano asubuhi. Jirani zake wanasema hajafunga hivyo hata siku ya arusi ya mutoto wake.

Kesi yangu iliisha. Nitalipa kwa kazi, ninasafisha nyumba ya mapadri mpaka mwisho wa mwezi wa nane, kisha wananipa karatasi na ndege. Nilienda kwa yule kijana hospitali. Mama yake alifunga mulango mbele yangu, na alikuwa na haki.

Unalala? Unakula? Mikono yako iko namna gani? Niandikie kitu chochote.

Hervé


Kashikishi, 9 mwezi wa nane 1999

Hervé wangu,

Mikono imepona, ngozi ni ya pink kama ya muzungu, inavuta nikikunja vidole. Ninakula. Goodson alinitengenezea meza ingine na nikairudisha pale pale. Sikutaka, lakini ni hapo tu mabwato yanafika. Wateja wamekuwa wengi kupita mbele, na hiyo inanichukiza. Wengine wanakuja kuangalia mikono yangu. Mubanga hakuji. Dorica anasema haimbi tena kanisani, anakaa nyuma na anatoka ibada haijaisha.

Nikuambie ya jana.

Mama muzee alishuka mu bwato ya Kilwa, peke yake, na kifurushi kichwani. Akauliza watu kitu. Nikaona wote wanaangalia chini, wanamupita. Mwisho akafika kwangu juu kuko bench. Akakaa. Akaomba maji. Akasema anaitwa mama Emilienne, anatafuta mutoto wake, alisikia walimuua hapa bandarini, na hakuna mwenye anataka kumuonyesha walimuweka wapi. Nikajua mbele hajataja jina.

"Mutoto wako ni Eddy," nikasema.

"Ulimujua?"

Dorica alikuwa ananifinya nyuma, ananiambia na Kibemba: nyamaza, nyamaza. Sikunyamaza. Nilimwambia yote, Hervé. Ziwa, chumvi, matete. Sufuria. Nilimuonyesha mikono. Nikamwambia wengine walipiga, lakini mimi ndiye nilimumwagia kahawa na mimi ndiye sikusema basi.

Alinisikiliza na mudomo wazi kidogo. Kisha akachukua kikombe cha chuma chenye nilimupa na akanipiga nacho hapa juu ya jicho. Akanipiga tena. Ni muzee lakini amelima maisha yake yote, iko na nguvu. Damu iliniingia machoni. Goodson akasimama, nikamwambia akae. Alinipiga mpaka akachoka yeye mwenyewe, akaanguka kwenye bench, kikombe bado mukononi, na akalia bila sauti.

Nilifunga kichwa na kitambaa. Nikamwambia: "Mama, simama. Nitakuonyesha."

Watu wa kansoli, baraza la muji, walimuzika mwisho wa makaburi, penye hakuna musalaba. Ninapajua juu siku ya kumuzika, nikiwa nimeshatoka polisi, nilifuata kwa mbali, sijui kwa nini. Tulitembea, mimi mbele na damu yangu, yeye nyuma na kifurushi chake. Tukafika. Nikamuonyesha udongo. Nikarudi nyuma nikakaa chini ya jua, nikamuacha naye. Alikaa muda murefu. Mara moja alilala juu ya udongo, uso chini. Nilijua ile namna ya kulala.

Alipoinuka alinikuta pale pale. Alidhani nimekwenda. Akapangusa nguo, akaniangalia jicho lenye lilivimba, akauliza:

"Na wako? Iko wapi?"

"Kabuta," nikasema. "Ni mbali, mama. Hata na baiskeli ni saa mingi."

Akabeba kifurushi chake kichwani.

"Basi twende kesho," akasema.

Yaya yako,
Jeanine